Uwazi wa Kidole Kimoja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kidole, wala si kwa kukosa kidole. Kumi vyote alikuwa navyo, na kwa seremala wa miaka arobaini hilo ni la kumshukuru Mungu. Jina lilitokana na milango yake. Kila mlango aliuachia uwazi chini, akiupima kwa kidole chake mwenyewe cha shahada. "Mlango lazima upumue," ndiyo kauli yake. "Usipopumua utavimba mvua ikinyesha, halafu mje kunisumbua."

Mvua yenyewe iko wapi siku hizi? Mwaka jana ilikata miezi minane. Moto wa nyika ukashuka mlimani, upepo ukarusha cheche hadi mtaani, na nyumba ya Fundi Kidole ikateketea. Familia ilikuwa imeshahamishwa, alhamdulillahi, lakini vitu vyote viliisha.

Ramani ya nyumba mpya alichora bintiye, msanifu wa majengo, na hakufanya mzaha. Paa la bati lisilo na penyo, matundu ya hewa yamezibwa kwa wavu mwembamba wa chuma, kuta zimezungukwa na kokoto badala ya maua. Mzee alinung'unika wee! "Hii nyumba au jela?" Mwishowe akakubali kwa sharti moja: mlango wa mbele atautengeneza yeye.

Basi leo mlango ulikuwa tayari, umesimamishwa kwenye fremu yake. Mbao ngumu, nene, zimepigwa randa mpaka mkono unateleza. Binti akaupapasa kwa furaha, akainama. Kidole kikapita chini bila shida, na furaha yote ikamwishia palepale.

Maana yeye alijua. Siku ya tatu baada ya moto alikuwa amepiga magoti kwenye majivu akichunguza sakafu. Alama nyeusi ilianzia chini ya mlango wa mbele, ikatanuka kuelekea ndani, pale palipokuwa na mkeka. Cheche zilipita kwenye uwazi ule. Akaokota na komeo la dirisha la jikoni. Lilikuwa limepinda kwa joto, lakini limefungwa. Akalitia mkobani, akanyamaza. Baba ndiye aliyemfundisha kushika penseli, angeanzaje?

Lakini kimya chake kilikuwa kinamla mtu mwingine. Mzee alikuwa na maelezo yake: "Mama yenu alisahau dirisha la jikoni." Wala hakumfokea. Alimsamehe, tena mbele ya wageni, na hapo ndipo palipouma. Mama alikana mara mbili tatu, kisha akaanza kujitilia shaka. Mwaka mzima sasa, hawezi kutoka nyumba ya kupanga bila kurudi mara tatu kushika madirisha. Binti aliyaona hayo na kuona aibu.

"Vipi, mkaguzi?" mzee alimtania. "Umekosa kasoro leo?"

"Ninayo, baba."

Mama alikuwa kando akimimina chai. Binti akatoa komeo, akaliweka juu ya benchi la kazi.

"Hili la dirisha la jikoni. Nililikuta kwenye majivu hivihivi, limefungwa. Moto uliingia chini ya mlango, baba."

Mzee akalishika, akajaribu kulisukuma. Halikwenda. Akauendea mlango wake mpya, akachuchumaa huku magoti yakilalamika, akaingiza kidole chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Nilikuogopea. Nisameheni, wote wawili."

Alitegemea radi. Mzee akasimama tu, akamgeukia mkewe.

"Dirisha ulilifunga."

"Nililifunga," mama akasema, birika bado mkononi. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Mimi ndiye nisiyesikia."

Mama akatua birika, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Haya. Ulinisamehe mbele ya watu. Na hili utalisema mbele ya watu."

Asubuhi iliyofuata mzee alikata vipande vya chuma, vyembamba, vya kufungwa kwa skrubu chini ya mlango kuziba uwazi. Cha kwanza akakifunga kwake. Kisha wakatoka, yeye na mkewe, yeye na drili, mama na mkebe wa skrubu. Mama alipita moja kwa moja hadi barabarani, hakugeuka kuangalia dirisha hata moja.

Milango ya Fundi Kidole mtaani ni arobaini na mitatu. Walianza kwa jirani, mke wa dereva.

"Karibuni! Kuna nini na vyuma asubuhi yote hii?"

Mzee akavua kofia.

"Kabla sijagusa mlango wako," alisema, "mke wangu alilifunga dirisha."