Kitabu cha Baba Aliyerudi

Tunda lilitoweka watu wakiwa wanakula.

Msiba wa Okeyo ulikuwa Kirumba, Mwanza, kwenye ua wa nyumba ya kupanga nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, na pale uani hapakuwa na jeneza kwa sababu hapakuwa na maiti. Okeyo alikuwa akienda visiwani na mtumbwi wa injini kukusanya sangara kwa ajili ya viwanda vya minofu. Tangu biashara ifunguliwe kazi hiyo ilikuwa imewapa vijana wengi baiskeli na redio, na wengine ikawapa hicho alichokipata yeye. Dhoruba iliwapiga upande wa kisiwa cha Ukara. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, wenzake wakapatikana, yeye ziwa likakataa kumtoa.

Wajaluo hawamwachi mtu wao hivihivi. Asipopatikana, mahali pake huzikwa tunda la mwegea, lile refu, zito, la rangi ya udongo, ambalo wenyewe huliita yago. Kaka yake mkubwa, Mzee Owuor, alikuwa amelileta kutoka Rorya limefungwa shuka jeupe. Asubuhi ile wazee waliingia majini mpaka magotini, wakamwita Okeyo kwa majina yake yote, wakalichovya tunda, wakarudi nalo bila kusema neno. Tangu hapo hakuna aliyesema tena habari ya tunda. Alikuwa Okeyo. Na Okeyo alitakiwa awe nyumbani kwake Rorya kabla jua halijazama, kwa maana kwao aliyekwisha kuitwa halali njiani. Akilala njiani, alisema Mzee Owuor, hafiki tena, na walio hai hawapumziki. Pikapu ilikuwa barabarani, dereva keshaikagua mara mbili, wamebakiza kula tu.

Mzee Owuor alinawa mikono, akaenda ndani kumchukua ndugu yake. Shuka lilikuwa pale pale juu ya kiti, limekunjwa vizuri. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nani amemchukua ndugu yangu?"

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha watu. Janet, mjane, aliinua kichwa kutoka kwenye kanga aliyojifunika, akazungusha macho uani, mara moja, kisha mara ya pili haraka zaidi.

"Ayoo yuko wapi?" akauliza. "Jamani, mwanangu yuko wapi?"

Kwenye mkeka wa akina mama, Mwalimu Wilhelmina alirudisha tonge sahanini. Ayoo alikuwa mwanafunzi wake, darasa la sita, msichana mrefu mwenye tabia ya kusoma huku anatembea mpaka agonge mti. Na Wilhelmina, kabla hata watu hawajaanza kuinuka, alikwisha kujua mtoto yuko wapi na anataka kufanya nini. Alijua kwa sababu alikuwa amelisoma jambo hilo kitabuni.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Miaka mingi kabati la vitabu la shule yake lilikuwa na chaki, mpira uliopasuka na vitabu vilivyoliwa na mchwa. Soko huria lilipoingia, likaingia na mitumba, soda za rangi zote, na, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, wachapishaji wapya wenye riwaya za watoto. Ukafuata mradi mmoja wenye gari jeupe. Wenye mradi wakataka mwalimu anayependa kusoma awachagulie riwaya zinazofaa watoto wa darasa la tano hadi la saba, ili zinunuliwe kwa shule za mkoa mzima. Wilhelmina alizisoma kama mtu aliyetoka kwenye njaa. Alisoma jikoni mpaka ugali ukaungua, mumewe akanuna, yeye akageuza ukurasa. Na katika zote alizopendekeza, aliyoiweka ya kwanza ilikuwa *Moshi wa Kisiwani*.

Ilikuwa riwaya nzuri, tusiionee. Mvuvi anapotea ziwani. Kijiji kizima kinamlia, kinanunua sanda ya kuzika bila maiti. Binti yake peke yake anakataa. Siku ya mazishi anaiba sanda, anapanda mwambani, anawasha moto, na wakubwa wanapokuja kumnyang'anya anaitupa majini. Maji yanaipeleka sanda mpaka kisiwa cha mbali, baba anaiona, anajua nyumbani wanamngoja, anaunga magogo, anarudi. Watoto walikuwa wakifika hapo wanapiga makofi.

Ayoo alikiazima kitabu hicho kabla ya dhoruba. Baada ya dhoruba hakukirudisha, na Wilhelmina, kwa huruma, hakukidai. Kisha siku moja mtoto alikuja mezani kwake wenzake wakiwa mapumzikoni, akauliza, "Mwalimu, yule baba alirudi kweli?" Na mwalimu mzima, mwenye cheti na miaka yake kazini, akatabasamu kwa furaha ya kuona mtoto bado anasoma, akajibu, "Alirudi. Si umesoma mwenyewe?"

Sasa wanaume walikuwa wameshainuka, wengine wanaelekea sokoni, wengine barabarani.

"Mzee, naomba msubiri," Wilhelmina alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Mwalimu," Mzee Owuor alimjibu, "ninyi Wasukuma mnaweza kungoja ng'ombe arudi mwenyewe zizini. Sisi jua halitungoji."

"Yuko mwambani, nyuma ya Mwaloni. Mkienda wanaume, atamtupa baba yake ziwani."

"Umejuaje?"

"Imo kwenye kitabu. Kitabu nilichompa mimi."

Mzee Owuor aliegemea fimbo yake. "Vitabu vya shule siku hizi vinafundisha watoto kuiba maiti?"

Wakati mwingine watu wangecheka. Wilhelmina alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Mwanza ni mawe matupu, haina habari na aibu ya mtu. Akavua viatu, akavishika mkononi.

"Nenda," Mzee Owuor akasema. "Lakini dereva akipiga honi nakuja mwenyewe. Na akimtupa ndugu yangu, mwalimu, wewe ndiye utakayeeleza ukoo wetu."

Alipita Mwaloni mbiombio, katikati ya makasha ya sangara na akina mama waliokuwa wakikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, korongo wakimpisha kwa uvivu wao. Alipofika nyuma ya mabanda akauona moshi, mwembamba, unapanda kutoka juu ya mawe yaliyoingia ziwani. Alikunja kitenge, akaanza kupanda kwa mikono na magoti, na jiwe lilikuwa la moto kama kikaango.

Ayoo alikuwa amesimama ukingoni kabisa. Pembeni yake ulikuwa unawaka moto wa nyasi na mbao za kasha bovu la samaki. Tunda alikuwa amelikumbatia, amelifunika kwa sweta lake la shule. Chini ya miguu yake yalikuwa maji, meusi, marefu.

"Usisogee, mwalimu."

Hakuamkia. Tangu Wilhelmina amfahamu, mtoto huyu hakuwahi kumwona bila kusema shikamoo.

"Sisogei. Nakaa hapa hapa." Akakaa. "Ayoo, mama yako anakutafuta."

"Namngoja baba."

"Ayoo, kile ni kitabu."

"Najua ni kitabu!" Mtoto alipandisha sauti. "Mimi si mjinga. Nilikuja kukuuliza, ukasema alirudi."

"Mama alisema baba amesafiri," Ayoo akaendelea. "Baba mkubwa alisema amechelewa visiwani. Jirani yetu akaniambia nisilie, nitaleta uchuro. Wewe ukasema alirudi. Halafu leo wananiambia huyu ndiye baba, nimsalimie." Akaliinua tunda. "Nani kati yenu alisema amekufa? Nitajie mmoja, mwalimu. Nani?"

Hapakuwa na wa kumtaja. Ndivyo ilivyokuwa nyumba zote alizozijua Wilhelmina, za Wajaluo na za Wasukuma, za walokole na za wasiosali: mtu akifa, mtoto huambiwa amesafiri. Watu wazima hulia chumbani, watoto hupelekwa kwa jirani wakale uji. Yeye mwenyewe aliwaambia hivyo wanawe bibi yao alipofariki, na akajiona mama mwema. Wote walikuwa wamemhurumia huyu mtoto, kila mmoja kwa wakati wake, na huruma yao ndiyo iliyomsimamisha kwenye ukingo ule.

Honi ikalia barabarani.

Ikalia tena, na punde Wilhelmina akasikia nyuma yake fimbo ikigonga jiwe. Hakugeuka. Ayoo alikuwa ameshamwona baba yake mkubwa, akarudi nyuma, kisigino kikafika penye ukingo. Kijiwe kikatoka chini ya mguu wake, kikaporomoka, kikatumbukia. Wilhelmina akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kumzuia mzee. Fimbo ikanyamaza.

Sasa angeweza kusema mengi. Alikuwa fundi wa maneno, darasa zima hukaa kimya akisimulia. Angeweza kumwambia baba anamtazama kutoka juu, au twende nyumbani tukaongee, au nipe nikusaidie kubeba. Yote yalimjia ulimini, na yote yalikuwa ni lile lile "amesafiri" lililovaa nguo nyingine.

"Ayoo," akasema. "Baba yako amekufa."

Mtoto alitikisa kichwa. "Kitabuni..."

"Yule wa kitabuni alirudishwa na mwandishi. Mwandishi akitaka, anamrudisha yeyote. Baba yako hana wa kumwandika arudi. Amekufa ziwani siku ile ya dhoruba. Ulipokuja mezani kwangu nilikuwa najua, nikakujibu habari za kitabu kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilikosa. Nisamehe."

"Na huyu?" Ayoo aliuliza kwa sauti ndogo sana, akilitazama tunda.

"Huyu ndiye waliyeweza kumpata. Ukimtupa, hutakuwa na mahali pa kwenda kumsalimia."

Upepo uliupeleka moshi ziwani. Ayoo aligeuza shingo, akaufuata kwa macho mpaka pale ulipoishia, na hapo ndipo Wilhelmina alipoogopa kuliko wakati wote, kwa sababu mikono ya mtoto ilikuwa imelegea na tunda limeanza kuteremka kifuani. Chini yao maji yaligonga jiwe, yakarudi, yakagonga tena. Kwa mbali injini ya mtumbwi ilikuwa inakuja, na Ayoo aliisikiliza, akauona mtumbwi wenyewe, akawaona watu waliokuwamo. Walikuwa watu wengine.

Ayoo alikaa chini palepale ukingoni, akalibana tunda kwa mikono na mapaja, akapiga ukemi. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyechapwa. Kilikuwa kilio chenyewe, kile cha kwao, kinachopanda na kukatika na kupanda tena, na kutoka uani nyuma ya soko wanawake wakakisikia, wakakiitikia. Wilhelmina alitambaa mpaka akamshika kiuno, akamvuta kutoka ukingoni, wakalia wote wawili.

Mzee Owuor alikuja taratibu, amevua kofia. Alinyoosha mikono alichukue, Ayoo akakaza. Mzee akajaribu tena, kwa upole zaidi, akashindwa.

"Huyu habebwi na mtoto," alisema. "Si desturi."

Akamtazama mtoto wa ndugu yake, kichwa kile ambacho kesho kingenyolewa. "Okeyo amekufa," akasema, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwa amelitamka bado. Akajifuta uso kwa kofia. "Haya. Inuka twende, jua linakwenda. Mshike vizuri, ni mzito."

Waliteremka hivyo, mtoto na tunda katikati, mzee mbele akimwonyesha pa kukanyaga. Sokoni watu waliacha kupima samaki. Janet aliwapokea barabarani, akamkumbatia binti yake pamoja na alichokibeba, akamnong'oneza jambo kwa Kijaluo, refu, huku analia, na Ayoo akawa anaitikia kwa kichwa. Wakamweka mbele, kati ya dereva na baba mkubwa. Wengine wakapanda nyuma.

Wilhelmina alisimama kando, kitenge kimechanika, miguu inamwuma. Mtoto aliinama juu ya mapaja ya mzee, akatoa uso dirishani.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Nikirudi utaniazima kingine?"

"Nitakuazima. Unataka cha namna gani?"

"Ambacho baba harudi," Ayoo alisema. "Nataka kuona yule mtoto anafanyaje."

Dereva akaingiza gia. Wilhelmina akaanza kuvipitia kichwani vitabu vyake vyote, vile alivyovisoma jikoni, vile alivyoviombea vinunuliwe kwa watoto wa mkoa mzima. Ng'ombe waliopotea walirudi. Mama aliyeugua alipona. Ndugu walioibwa walipatikana sura ya mwisho, wamekonda kidogo tu. Gari likaanza kutembea, naye akatembea nalo, mkono kwenye mlango, na mtoto alikuwa bado anamtazama, anangoja.

"Sina, Ayoo," akasema. "Katika vyote nilivyowachagulia, sina hata kimoja."

Ayoo akainamisha kichwa kuonyesha amesikia. Pikapu ikaongeza mwendo, ikashika barabara ya Musoma.