Rubani wa Bagula

Bagula, Mkongo aliyehamia Louisville, Marekani, alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Miaka miwili mizima, kwenye ghala alilofanyia kazi mtaa wa South End, na kanisani pia, alitamba kwamba binti yake Chimène anarusha ndege ya jeshi la Marekani. Uongo mtupu! Chimène alikaa ndani ya ndege sehemu ya nyuma, pasipo na dirisha, akitazama rada. Bagula aliona kazi ya kukaa nyuma haina heshima, basi akampandisha cheo mwenyewe.

Jumamosi hiyo wakatoka Louisville kwenda Columbus, kwenye ibada ya shukrani ya makanisa ya Wakongo wa miji mbalimbali. Chimène alikuwa likizoni. Alikaa mbele, karibu na baba yake, akamsimulia habari za kikosi chake.

"Papa, kikosi chetu ni cha zamani. Kilianza na ndege za pangaboi, watu wanatazama vidoa kwenye kioo mpaka macho yanawauma. Leo tuko na sahani kubwa ya rada inazunguka juu ya mgongo wa ndege. Donc, adui akiwa mbali sana, sisi ndio tunamuona wa kwanza. Rubani anaenda kule tunamwambia."

"Bon, ni vizuri," Bagula akasema. Hapo ndipo pa kukiri. Saa tatu na ushee za safari, akaongelea bei ya mafuta tu.

Kanisani, mchungaji wao, Cubaka, akaita, "Familia ya Papa Bagula, mbele! Rubani wetu asimame! Tulifunga siku tatu kuombea mikono inayoshika usukani wa ndege!"

Vigelegele! Kwaya iliyotoka Buffalo ikasimama na kumpigia makofi. Chimène akamgeukia baba yake. Hakukasirika, alimngoja. Neno moja lingetosha. Bagula akashusha macho kwenye viatu vyake. Aibu ilimpanda hadi masikioni, mtu mzima ovyo.

Chimène akashika kipaza sauti. "Asanteni kwa kuniombea," akasema, akarudi kuketi.

Baada ya ibada, Bagula akamfungulia mlango wa mbele wa gari. Chimène akaupita, akafungua wa nyuma, akafunga mkanda.

"Njoo mbele, mama," Bagula akambembeleza. "Nilikosa. Kesho nitampigia mchungaji, nitamwambia kweli."

"Hakuna shida, Papa. Kazi yangu ni ya nyuma, na ninaipenda. Ni weye ndiye unaionea haya."

Bagula akashika usukani. Kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu hadi Louisville.