Gari la Viti Viwili

Mwaka wa 1956, hapa Stanleyville, mtu mweusi akitaka kununua gari lililokwisha kutumika alikuwa na njia mbili: afumbe macho na kumwachia Mungu, au aje kuniita mimi, Séverin. Sijisifu ovyo. Katika gereji yetu nilikuwa mweusi wa kwanza kukabidhiwa ufunguo wa stoo, na wazungu wasionisalimia barabarani walinifuata uani wakinong'ona kwamba gari lao linanguruma vibaya. Niliweka ncha moja ya fimbo kwenye injini na nyingine sikioni, nikawaambia kinachoiuma.

Kwa hiyo Hemedi alipopata gari la kununua alikuja kwangu. Alikuwa fundi cherehani, mtoto wa moja ya zile familia za Waislamu za zamani, na tulikua pamoja. Miaka sita aliwashonea wazungu suruali, akiingia klabuni kwao kwa mlango wa nyuma, futi shingoni. Sasa Bwana Lambrecht, mwenye shamba la kahawa upande wa Bafwasende, alikuwa anarudi Ubelgiji, na aliuza gari lake la mbio: jekundu, la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai. Hemedi alitaka kupita nalo mbele ya klabu ile, mchana, polepole. Akiba yake yote ilikuwa imo katika jambo hilo moja.

"Ndeko, ndugu yangu, ukisema iko muzima, natoa," aliniambia. "Ukisema hapana, naacha. Minasikiliza wewe tu."

Jumamosi asubuhi tukaenda nyumbani kwake mjini. Njiani tulikutana na papa yangu, baba mzazi, akitoka kwenye maporomoko ya mto. Papa alikuwa Mgenya, mmoja wa wale wanaotega samaki kwa vikapu vikubwa vinavyofungwa kwenye miti katikati ya maji makali. Alikuwa kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, ananuka samaki.

"Mutuka ya mbio?" alisema. "Na mimi nataka kuona."

Akatufuata. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na shingo iliniwaka moto njia nzima.

Bwana Lambrecht alitupokea langoni. "Na huyo mzee ni nani?"

"Mtu wa mtaa wetu, Monsieur," nilisema. "Anapita tu."

Papa alisikia. Ameishi maisha yake yote ndani ya mngurumo wa maporomoko, lakini masikio yake hayapotezi neno. Hemedi alinikazia macho, nami nikajifanya naangalia matairi.

Nikafanya kazi yangu, na niliifanya vizuri. Mafuta ya injini yalikuwa safi. Bougie, plagi za kuwashia injini, zilikuwa kavu, rangi ya kahawia nzuri kabisa. Injini iliwaka mara moja, na fimbo yangu haikusikia ugonjwa wowote. Nilikwenda nalo na Hemedi hadi mto Tshopo na kurudi; gia ziliingia laini, breki hazikuvuta upande. Nilimwambia hatari zote kama nilivyozijua: gari la namna hii tumbo lake liko chini mno kwa barabara zetu, injini yake huchoka mapema, na kipuri kikivunjika utakingoja kutoka Ulaya hadi mvi zikuote. Hemedi alicheka. Hayo aliyakubali. Ilibaki mimi kusema neno moja tu.

Tuliposhuka, Papa akaingia garini bila kuomba ruhusa, akaketi, akaingiza mkono juu nyuma ya zile saa za mwendo na mafuta mbele ya dereva, hadi kwenye kiwiko. Bwana Lambrecht alikunja uso. Nikamkimbilia Papa, nikamnong'oneza kwa hasira atoke.

Hakutoka. Alinionyesha kidole chake.

"Vumbi ya njia ya Bafwasende iko rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na hii?"

Ilikuwa ya kijivu, laini kama unga wa muhogo.

"Hii ni tope ya mto ikijaa," alisema. "Kila mwaka minaipangusa kwa miti yetu kule. Mutuka hii ilizama, Séverin. Maji ilifika hapa." Akaweka kiganja kifuani. Kisha akashusha sauti. "Wende uambie rafiki yako. Sema ni wewe umeona."

Nilifungua taa ya mbele. Ndani, kwenye kioo, kulikuwa na mstari wa kijivu ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Nikaelewa kwa nini mafuta yalikuwa mapya, na bougie mpya, na ngozi ya viti imeshonwa juzi. Injini ilikuwa imeoshwa. Lakini nyaya, dinamo, bearing za magurudumu, vitu hivyo kutu huvila polepole bila kelele. Miezi mitatu, minne, na gari lingemzimikia Hemedi mbele ya klabu ile ile, wazungu wakiwa barazani na bia zao. Na mimi ndiye ningekuwa nimemweka pale.

Hemedi alikuwa tayari ameshika bahasha. "Alors, unasema nini?"

"Rudisha mufukoni. Mutuka hii ilizama mutoni."

Bwana Lambrecht akawa mwekundu. Akaanza habari za kivuko kilichoinama, maji kidogo tu, zamani. Kisha akanitazama vizuri, kama mtu aliyeniona kwa mara ya kwanza.

"Mafundi wawili wazungu walilikagua hawakuona kitu," alisema. "Una macho makali sana, wewe."

Sifa ilikuwa hapo, ya kuchukua tu. Na niliitaka, sitadanganya; niliitaka mno. Lakini nilimwona Papa anaelekea langoni, bila haraka, haangalii nyuma, amekubali kabisa kuwa mtu anayepita tu.

"Si mimi, Monsieur," nilisema kwa sauti ya kumfikia Papa kule langoni. "Mimi niliangalia saa nzima, sikuona. Ameona papa yangu. Yule pale. Timothée, muvuvi. Nilikudanganya, yeye njo amenizaa."

Bwana Lambrecht alicheka: mvuvi akague magari! Alicheka peke yake. Hemedi aliweka bahasha mfukoni, akamwendea Papa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kuinama.

"Papa, aksanti sana."

Papa akageuka. Nilingoja anitukane, na nilistahili. Alirudi hadi pale niliposimama, akapangusa kidole chenye tope kwenye suruali yake, kisha akaniwekea mkono begani, juu ya shati jeupe.

"Huyu ni mutoto yangu," alimwambia Bwana Lambrecht, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Yeye njo fundi mukubwa kupita wote wa hapa."