Fomu ya Kuazima Sauti

Saa nane na nusu mchana, mama mmoja asiyejulikana aliingia mapokezi ya kituo cha redio, akafuta viatu mlangoni, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko uliotulia: Nimekuja kuazima sauti yangu. Nitairudisha leo leo.

Dada wa mapokezi aliisoma, akavuta droo.

"Vifaa vya kazini havitoki bila fomu, mama. Jaza hapa, halafu usaini pale chini."

Mama alisita kidogo penye kusaini, kisha akasaini.

Fundi mitambo akaitwa. Hakuwahi kumwona mama huyo, ingawa alikuwa ameitunza sauti yake kwa miaka tisa. Ndiyo iliyotaja saa, kila saa, na baada ya kutaja saa ikasifu sabuni ya unga. Mama alipostaafu utangazaji, mkataba wake ulikuwa na kifungu kinachosema sauti ni mali ya kituo. Akarudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa zawadi, bila sauti. Wenye sabuni walifurahi. Walisema wasikilizaji wanaiamini.

"Unaitakia nini, mama?" fundi aliuliza.

Mama akaandika nyuma ya karatasi ileile. Dada yake mkubwa alipofuka mwaka uleule aliostaafu yeye. Barua hawezi kusoma, na akisomewa na watoto haamini. Kila siku anamsikia mdogo wake redioni akiongea na nchi nzima, na yeye hajasemeshwa hata neno moja. Kesho mwanawe anamhamishia mji wa mbali.

Fundi alisoma mara mbili, akatazama saa.

"Ikishataja saa tisa, ichukue. Kabla ya saa kumi iwe hapa. Ikikosekana, mama, mimi sina kazi, na wanangu ni watatu."

Mama aliweka mkono kifuani, akaahidi kwa kichwa.

Baada ya saa tisa na sabuni yake, fundi alifungua kabati namba nne, akaimimina sauti kwenye chupa ya chai ili isipoe. Sauti ikipoa hukwaruza.

Nyumba ya dada ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Mama aliinywa sauti yake mlangoni, vifuniko viwili, akabisha.

"Hodi, dada."

"Zimeni hiyo redio!" alijibu mtu wa ndani.

"Ni mimi, dada."

"Nimesema zimeni! Nafunga mizigo hapa."

"Redio gani inakuita dada?"

Kiti kikasogezwa. Mlango ukafunguka, na vidole vikampapasa mama usoni, vikashuka, vikatulia kooni pale penye mtetemo.

"Miaka tisa," alisema dada. "Kila mpita njia unamwambia ni saa ngapi. Mimi hata hujambo hunipi."

Mama akamweleza yote. Sauti ilikuwa bado na umri wa miaka hamsini na mitano, na uso sitini na minne, lakini kwa dada, mdogo wake alikuwa yuleyule.

"Ulisaini bila kusoma? Wewe uliyeisomea nchi nzima taarifa ya habari?"

"Nimejuta, dada."

"Majuto ni mjukuu. Wako ameshaota ndevu."

Wakacheka. Kicheko cha mama kilikuwa hakijatumika miaka tisa, kwa kuwa kituo hakikuwa na haja nacho, na kilitoka na vumbi kidogo. Dada akaanza kisa cha marehemu mama yao na jogoo aliyeingia darasani, na mdogo wake akawa anamkatiza kila penye uongo. Ilipofika saa kumi kasoro dakika ishirini, akasimama.

"Usiirudishe," alisema dada. "Ni yako. Watakufanya nini?"

"Mimi hawanifanyi kitu. Kuna fundi nimemwahidi."

"Hata hatujafika kwa jogoo."

"Hatujafika," alisema mama. Akaipulizia sauti chupani. Dada alisikia kifuniko kikikazwa.

Mama alifika kituoni jasho likimtoka. Fundi akaipokea chupa kwa mikono miwili na kukimbilia kabatini. Dada wa mapokezi akamsogezea fomu. Palipoulizwa hali ya kifaa wakati wa kurudishwa, mama aliandika: Kizima. Kimechoka kidogo.

"Saa kumi kamili," ilisema sauti kwenye spika iliyo juu ya meza, ikihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

Mwendo wa dakika kumi na tano kutoka pale, dada aliacha kamba ya mzigo, akageukia redio.

"Haya, mdogo wangu," akaitikia.

Sauti ikaendelea na sabuni.