Loisi Amfuata Binti Yake

Asubuhi Loisi aliporudi kutoka soko la Majengo, alikolala baada ya kuuza karanga, alikuta ndoo ya binti yake, Aneth, imelala kando ya bomba la kijiji. Wanawake waliokuwa wakichota maji walikwepa macho yake. Ruthu, jirani yake, ndiye aliyesema.

"Walimchukua jana jioni. Vijana wanne. Aliwang'ata, wakambeba hivyohivyo. Nikodemo ndiye anayemwoa."

"Yuko kidato cha pili!"

"Tunajua, dada."

Walijua, na waliendelea kuchota.

Loisi akavuka korongo mbiombio, kanga ikimdondoka. Nje ya nyumba ya tembe ya kina Nikodemo wanaume walikuwa wanakunywa pombe ya mtama. Katikati yao alikaa mwenyekiti wa kitongoji, Bartolomayo, na pembeni yake Yotham, mume wa Loisi mwenyewe, kibuyu mkononi.

"Shikamooni. Nimemfuata mtoto wangu."

"Marahaba, mama," Bartolomayo akacheka. "Mtoto ameshalala hapa. Ukimrudisha, nani atamtaka?"

"Shule inamtaka."

"Loisi, usinitie aibu," Yotham akasema bila kuinua uso. "Wewe mwenyewe nilikukamata njiani. Ulilia siku mbili, ukanyamaza. Si ulizoea?"

Miaka ishirini hakuwahi kumuuliza hilo.

"Sikuzoea, Yotham. Nilichoka."

Mzee mmoja akakohoa. Loisi akamsukuma mama yake Nikodemo mlangoni, akaingia gizani. Aneth alikuwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, sketi ya shule imechanika, midomo imevimba. Hakulia. Loisi akamshika mkono wakatoka, na wanaume wakawatazama tu, kama watu wasio na haraka.

Walitembea kwa muda wa saa mbili mpaka ofisi ya kata. Aneth alishindwa kusimama, akakaa kwenye kiti pekee cha wageni. Karani aliwasikiliza huku akichezea simu.

"Barua ya mwenyekiti wa kitongoji iko wapi?"

"Mwenyekiti alikuwa anakunywa nao!"

"Mama, utaratibu ni utaratibu. Bila barua siandiki kitu."

Pikipiki ikazimwa nje. Bartolomayo akaingia akipangusa vumbi, Nikodemo nyuma yake amevaa shati jipya. Karani akasimama haraka, akatoa shikamoo, kisha akamgeukia Aneth.

"Hebu inuka, binti. Mzee akae."

Aneth akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainuka.