Kengele Iliyowahi

Viatu vya misumari sikuwa navyo. Kocha sikuwa naye, wala soksi mbili zinazofanana, wala herufi za kuandika jina langu kwenye fomu ya mashindano; uliniandikia wewe. Vumbi ndilo nilikuwa nalo, vumbi jekundu la uwanja, lililonipaka uso hadi mtu asijue kama nacheka au nalia.

Na nilikuwa na wewe, kando ya mstari, kengele mkononi.

Unajua kuliko mimi: mita elfu kumi ni mizunguko ishirini na tano, na mwenye kengele huigonga mzunguko wa mwisho unapoanza. Mkimbiaji akiisikia, humwaga kila alichobakiza.

Siku ile uligonga mapema. Mzunguko mmoja mapema. Nilikuwa naongoza. Nikamwaga pumzi yote, nikavuka mstari mikono juu, nikaanguka. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja, kwa kuwa mbio zilikuwa hazijaisha.

Waamuzi waliponiinua nikasema, "Muulizeni mwenye kengele."

Wakakunyang'anya kengele mbele ya watu. Tulikuwa tumepanga kuoana mwezi uliofuata. Mimi na kiburi changu hatukuja kukuona. Ukahama. Nikaoa kwingine, ukaolewa kwingine, kila mmoja akazika wake. Miaka arobaini na mmoja.

Leo mimi ndiye mpiga chokaa wa uwanja uleule. Nasukuma toroli, nachora njia nane, nyeupe juu ya wekundu. Jumamosi iliyopita ulimleta mjukuu wako kwenye mazoezi, binti wa miguu mirefu, ukasimama nyuma yangu.

"Mzee wa chokaa, mistari yako imepinda."

Nikajibu kwamba mistari imenyooka, macho yako ndiyo yamezeeka. Tukacheka, na kicheko chako kilikuwa kilekile, ila kimeingiwa na kikohozi kidogo. Kisha ukauliza, taratibu, "Siku ile, wewe mwenyewe ulikuwa unahesabu?"

Nilihesabu? Sikuhesabu? Nikakuuliza habari za magoti.

"Niandikie basi," ukasema. "Mdomo wako siku zote ulikuwa mzito kuliko miguu. Nikipata jibu nitakuja tena. Nisipopata, mtoto ataletwa na mama yake."

Tangu asubuhi nipo mezani. Nina cheti cha shule ya jioni ukutani, kwenye fremu, nilichokipata nikiwa na miaka hamsini na mbili. Na bado sentensi zinanikimbia. Binti yangu amepita mara tatu na kikombe cha chai. Baba, anasema, hiyo "Mpendwa" imekauka wino, iongezee mwenzake.

Niiongezee neno gani? Kichwani mna vumbi.

Miguu ilisema mizunguko ishirini na tatu, bado miwili. Hilo nalijua, kama ninavyojua idadi ya vidole vyangu. Nilihesabu kila mzunguko, sikuwahi kukosea hata mmoja. Kisha kengele ikalia, na mkono ulikuwa wako, na nikauamini mkono kuliko miguu.

Au sivyo? Labda nilikuwa nimechoka. Labda nilisikia nyayo za wa pili zikinikaribia, nikaona heri kuangushwa na kengele kuliko kushindwa na mtu. Nilikufuata kwa mapenzi, au nilijificha nyuma yako? Nageuza upande huu, naona mapenzi. Nageuza upande ule, naona uoga. Nilihesabu. Kwa nini niliifuata kengele, sijui. Nimezeeka na neno hilo, sijui.

Nikaandika hayohayo, bila kuyapiga pasi:

"Nilikuwa nahesabu. Nilijua kosa lako kabla hujalijua, nikakuachia ulibebe peke yako. Kwa nini, sijui bado. Njoo Jumamosi, unisaidie kutojua."

Nikakunja karatasi mara mbili. Nikalamba gundi ya bahasha, ulimi ukaonja chokaa, maana mikono yangu siku hizi haitakati hata kwa sabuni. Nikabana mdomo wa bahasha kwa dole gumba. Nilipoliondoa, alama ilibaki palepale, nyeupe, mistari yake yote imepinda.

Nikataka kuifuta. Nikaiacha. Nikaenda posta kwa miguu yangu, nikaitumbukiza barua na vumbi lake.