Mama Mkubwa na Sindano Yake

Nyumba nzima ilijua dawa ya kumnyamazisha Kifaranga. Akikataa uji, akikataa kuoga, au akilia kilio kisicho na mbele wala nyuma, mama yake hakuwa na haja ya kuinua mkono. Alisema tu, "Haya, endelea. Namwita mama mkubwa aje na sindano." Kilio kilikatika papo hapo.

Mama mkubwa mwenyewe, dada yake mama mtoto, alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea uuguzi wa watoto. Kila alipokuja kusalimia, Kifaranga aliingia uvunguni na hakutoka mpaka mgeni aage.

"Mdogo wangu, unanifanya zimwi," alilalamika siku moja. "Kazi niliyoililia tangu utoto, wewe unaiuza kwa kikombe cha uji!"

Mdogo mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Kwani nani hakutishiwa sindano utotoni?

Basi kifua kikambana Kifaranga. Asubuhi moja mbavu zilikuwa zikibonyea kila akivuta pumzi. Mama yake alimfunga mgongoni, akakimbilia hospitali bila hata kurudishia mlango.

Kwenye ukuta wa wodi ya watoto palichorwa tembo mwenye masikio ya sungura. Daktari alimpima mtoto, akaagiza dawa ya mshipani, tena upesi. Aliyekuja na trei, sare imenyooka mpaka kola, alikuwa dada mtu, aliyekuwa akifanya mafunzo wodini humo.

Kifaranga alipomwona alipiga yowe lililogeuza vichwa vya wodi nzima. Yowe likageuka kikohozi, kikohozi kikala pumzi, midomo ikapauka.

"Akilia hivi anazidi kuchoka," alisema mkuu wa wodi, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. "Halafu ni damu yako huyu. Nipishe, nimchome mimi."

"Nipe muda kidogo tu, mama. Hata ukimchoma wewe atalia vilevile, maana anayeogopwa hapa ni mimi."

Mama Kifaranga aliinamisha uso. Alijua nani kauwasha moto huo. Akamkumbatia mwanawe kwa pupa. "Nyamaza mama, nyamaza. Haiumi! Haiumi hata kidogo!"

"Inauma," dada mtu akasema kwa upole. "Usimdanganye tena."

Aliiweka trei mezani, akachuchumaa sakafuni hadi uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto. "Anza wewe. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unakijua."

Kina mama wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio. Mama Kifaranga akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, nilikudanganya. Mama mkubwa hachomi watoto kwa sababu wamelia. Ulikuwa uongo wangu mimi."

Kifaranga akakodoa macho. Mtu mzima kukiri uongo, hilo lilikuwa geni kwake.

"Nitakuchoma mara moja," mama mkubwa akasema. "Itauma, halafu dawa itaingia, kifua kipoe. Ukisema ngoja, nangoja. Sawa?"

Akamfunga mkanda wa mpira mkononi.

"Ngoja," kasauti kakasema.

Akaulegeza mkanda, akangoja. Akaufunga tena, akapaka pamba ya spiriti.

"Ngoja."

Akangoja.

"Yarabi, tumepata bosi mpya!" akasema mama wa kitanda cha pili, na wodi ikaangua kicheko. Mkuu wa wodi hakucheka. Alivaa miwani yake.

"Ngoja," Kifaranga akasema tena, safari hii akimchungulia mama mkubwa usoni kama mteja anayeikagua mizani ya muuza nyama. Hakuona ujanja. Kimkono kikanyooka chenyewe.

Sindano iliingia mara moja, ikakaa. Kifaranga alilia, maana kweli iliuma, ila mkono hakuuvuta. Plasta ikabandikwa, dawa ikaanza kushuka.

"Kuchoma nilikufundisha mimi," mkuu wa wodi akasema. "Huko kungoja umekutoa wapi?"

"Kwake yeye, mama. Mtu akikukimbilia uvunguni kila ukija, utajifunza tu."

Mchana pumzi zilitulia, Kifaranga akalala. Mama yake alitoka kutafuta maji, akamkuta dada yake kwenye sinki la koridoni, bomba limefunguliwa, mikono inamtetemeka mpaka viwikoni.

"Dada! Kumbe uliogopa?"

"We! Roho ilikuwa hapa." Alijigusa koo. "Mtoto wa tumbo lako, nikose mshipa?"

"Mbona hukuonyesha?"

"Ningeonyeshaje? Zamu ya kuogopa ilikuwa yake."

Mdogo mtu alifunga bomba. Akachukua kitambaa, akamfuta dada yake mikono, kidole kimoja kimoja, kama anavyomfuta Kifaranga.

"Nesi!" sauti ikaita kutoka kitanda cha mlangoni, ikifuatwa na kilio cha mtoto mwingine.

Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Dada mtu akaweka kola sawa, akaenda.